Pikapu Mbili Zikiwashwa Pamoja: Kinachoongezeka na Kinachopotea

Kijana mmoja anayepiga solo ya pili kanisani Umoja aliniletea gitaa lake Jumatatu asubuhi, saa ambayo wanamuziki wengi wa Nairobi bado wanafidia usingizi wa Jumapili. Gitaa lenyewe ni la umeme, la umbo la Stratocaster ya Fender, lenye pikapu tatu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Jina la kiwanda halifahamiki sana, lakini mbao zake ni nzuri na shingo imenyooka. Alikuwa ameng'oa pikapu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia nyuma, akaweka hambaka, aina ya pikapu yenye koili mbili za waya badala ya moja, aliyoinunua ikiwa imeshatumika.

"Fundi, hii gitaa nikiiweka huku nyuma pekee inanguruma vizuri sana," akaniambia. "Nikisukuma swichi hatua moja tu, sauti inakuwa nyembamba kama redio inayoishiwa na betri. Niliuziwa hambaka mbovu?"

Hambaka haikuwa mbovu. Kila kitu ndani ya gitaa lile kilikuwa kizima, na kila pikapu ikipigwa peke yake ilisikika vyema. Shida ilikuwa kwenye kukutana kwake na wenzake, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hununua pikapu ya pili, ya tatu na ya nne bila kulijua. Tunadhani kuwasha pikapu mbili ni kama kutia maziwa kwenye chai, kwamba tutapata kidogo cha hii na kidogo cha ile. Kumbe sehemu kubwa ya ile sauti mpya hutokana na vitu ambavyo pikapu hizo mbili zinafutiana. Ukielewa kinachofutwa, utaweza kuipanga sauti unayoitaka kabla hujashika chuma cha lehemu.

Tuanze na pikapu yenyewe. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu; waya huo uliozungushwa ndio koili. Koili ya kawaida ya Stratocaster ina karibu mizunguko 8,000. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe sumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, uga wa sumaku unaopita katikati ya koili hubadilikabadilika, na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, miaka mia moja kabla George Beauchamp hajaifanyia kazi kwenye gitaa la Rickenbacker huko Marekani. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye pikapu ya namna hii hata uzipige kwa nguvu kiasi gani. Pikapu haisikilizi hewa wala mbao. Inasikiliza chuma kinachotembea juu yake, na inasikiliza pale pale ilipowekwa tu.

Maneno hayo ya mwisho, pale pale ilipowekwa, ndiyo ufunguo wa mambo mengi yanayofuata.

Uzi ukipigwa hautetemeki kwa namna moja. Unatetemeka wote mzima, na papo hapo unatetemeka kama nusu mbili, kama theluthi tatu, kama robo nne, na kuendelea. Vijisauti hivyo vinavyopanda juu ya sauti ya msingi huitwa harmoniki, na uwiano wake ndio unaotutofautishia sauti nene na sauti kali. Kila harmoniki ina mahali kwenye uzi ambapo inatikisika sana, na mahali ambapo haitikisiki hata kidogo. Pikapu iliyowekwa pale pasipotikisika haiisikii kabisa harmoniki hiyo.

Gitaa la aina ya Stratocaster lina urefu wa uzi wa milimita 648 toka nati, kile kijiti cha mwisho wa shingo ambapo nyuzi hupita, hadi darajani. Pikapu ya shingoni iko karibu milimita 162 kutoka darajani, ya katikati karibu 98, na ya nyuma karibu 41. Sasa angalia: 162 ni robo ya 648. Uzi ukiwa wazi, pikapu ya shingoni imekaa juu ya mahali ambapo harmoniki ya 4 imetulia, kwa hiyo inaikosa. Ya nyuma, ikiwa karibu na daraja, husikia harmoniki nyingi za juu ila sauti ya msingi huisikia kwa unyonge, maana karibu na daraja uzi haupandi wala kushuka sana. Hapo ndipo unapotoka ukali wa nyuma na unene wa mbele, hata kama pikapu zote tatu zimetoka kwenye boksi moja.

Ukiziwasha mbili kwa pamoja, unazikuta harmoniki ambazo uzi unapanda juu ya pikapu moja huku unashuka juu ya nyingine. Kwa uzi ulio wazi kwenye gitaa hilo, pikapu ya shingoni na ya katikati zinakubaliana katika harmoniki za chini, kisha kwenye ya 5 na ya 6 zinapingana: moja inasema juu, nyingine inasema chini. Zikijumlishwa, hizo mbili hupungua sana. Juu zaidi zinaelewana tena, kisha zinakosana tena. Sauti inatobolewa mashimo mashimo, kama chekeche. Ukibonyeza freti, uzi unafupika na mashimo yanahama, ndiyo maana kila noti ina rangi yake kidogo. Ile sauti ya uwazi, yenye kama kamlio ka bata ndani yake, ambayo mpiga solo wa rumba anaitafuta nafasi ya pili ya swichi (nyuma na katikati pamoja) na ya nne (katikati na shingoni pamoja), imetengenezwa na mashimo hayo. Hakuna kilichoongezwa.

Stratocaster ya kwanza, ya mwaka 1954, haikukusudiwa kutoa sauti hiyo. Swichi yake ilikuwa na nafasi tatu, kila moja na pikapu yake. Wapigaji wenyewe waligundua kwamba swichi ikikwama katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinashika pamoja, wakawa wanaisawazisha kwa kidole ikae hapo. Fender walikuja kuweka swichi ya nafasi tano kiwandani mwaka 1977, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Watu wengi huita sauti hiyo "kupingana fezi". Si kweli, na kosa hilo la jina limewapoteza mafundi wengi. Pikapu hizo ziko fezi moja, yaani umeme wake unapanda na kushuka pamoja. Zinazopingana ni harmoniki chache tu kwa sababu ya umbali kati yake. Pikapu zilizopingana fezi kweli ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililokuwa limempata kijana wa Umoja.

Fezi ya pikapu huamuliwa na mambo mawili: upande wa sumaku unaotazama nyuzi, kaskazini au kusini, na mwelekeo ambao waya umezungushwa. Geuza kimoja tu kati ya hivyo viwili, na pikapu itasema chini pale mwenzake anaposema juu, kwa sauti nzima, kuanzia msingi. Besi ndiyo inayofutika zaidi, kwa sababu sauti za chini zinafanana mno kwenye pikapu zote mbili. Kinachobaki ni tofauti kati yake: sauti nyembamba, ya puani, bila tumbo. Wapo wanaoipenda. Les Paul, gitaa la Gibson, ya Peter Green, yule mpiga gitaa wa bendi ya Fleetwood Mac ya mwanzo, ilijulikana kwa sauti hiyo pikapu zake mbili zikiwashwa pamoja, na mpaka leo watu huligeuza gitaa zima wakiitafuta. Kanisani, ukiwa unapaswa kujaza nafasi kati ya kinanda na besi, sauti hiyo haikufai.

Geuza vyote viwili, sumaku na mzunguko wa waya, na jambo zuri linatokea. Kwa uzi, mageuzo mawili yanafutana na pikapu inabaki fezi moja na mwenzake. Kwa mvumo wa umeme, mambo ni tofauti, kwa sababu mvumo hauijali sumaku. Koili ni antena. Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50, na koili moja huunasa mvumo huo kutoka kwenye transfoma ya amplifaya, taa za mapambo, chaja za simu, nyaya zilizopita ukutani. Koili mbili zilizozungushwa kinyume hunasa mvumo ule ule kwa mielekeo miwili inayopingana, nao unafutika. Seth Lover wa Gibson aliziweka koili mbili za namna hiyo ndani ya pikapu moja na kuomba hataza mwaka 1955, ndiyo hambaka. Wazo lile lile likaja kutumika kwenye magitaa ya koili moja: pikapu ya katikati hugeuzwa sumaku na waya, ili nafasi ya pili na ya nne ziwe kimya. Ukiwahi kupiga harusi ya nje kwenye hema, umeme ukitoka kwenye jenereta na ardhi ya umeme haipo, utaithamini nafasi ya nne kwa sababu hiyo peke yake.

Hayo yote unaweza kuyapima kwa vitu vilivyomo kwenye sanduku la fundi yeyote wa redio wa Luthuli Avenue. Chukua mita, uiweke kwenye kipimo cha omu, kilo-omu 20. Unganisha nyaya mbili za pikapu: nyekundu ya mita kwenye waya wa moto, ule unaobeba sauti, nyeusi kwenye waya wa ardhi. Utasoma namba, tuseme 6.1. Sasa gusisha bisibisi ya chuma juu ya koili, iache itulie, kisha ivute kwa ghafla. Namba itaruka juu au itazama chini kabla ya kurudi pale ilipokuwa. Mita ya mshale inaonyesha vizuri zaidi, kwa kuwa jicho linauona mshale ukielekea upande gani. Fanya hivyo kwa kila pikapu bila kubadilisha nyaya za mita. Zote zikiruka upande mmoja, ziko fezi moja. Moja ikienda kinyume, umempata mgomvi. Kisha chukua dira ndogo, isogeze juu ya kila pikapu uone ni ncha ipi inavutwa, uandike. Kwa kipimo hicho na kile cha kwanza utajua ni zipi zitakazofuta mvumo zikiwashwa pamoja.

Kwenye gitaa la kijana, katikati na shingoni ziliruka juu. Hambaka ikazama.

Hapa fundi mwenye haraka angebadilisha nyaya mbili za hambaka na kumaliza kazi. Ningemzuia. Hambaka ile ilikuwa ya zamani, yenye waya mmoja wa ndani uliozungukwa na wavu wa shaba nje. Ule wavu ndio waya wa pili wa koili, na umelehemiwa kwenye bamba la chuma la chini na kwenye kifuniko. Ukiubadilisha, kifuniko, bamba na wavu wote vinakuwa waya wa moto. Kila ukigusa pikapu kwa kiganja, gitaa litapiga kelele kama nyuki. Shida hiyo hiyo hukupata kwenye Telecaster, gitaa jingine la Fender, ambako kifuniko cha chuma cha pikapu ya shingoni kimeunganishwa na ncha moja ya koili. Ni lazima kwanza ukikate kiungo kile kidogo na kukipa kifuniko waya wake wa ardhi, ndipo ugeuze nyaya za koili.

Njia zilizobaki zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuifungua hambaka na kuigeuza sumaku iliyo chini ya koili. Inawezekana, ila waya wa koili ni mwembamba mno na bisibisi ikiteleza mara moja tu pikapu imekufa. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoifanya, ni kuziacha nyaya za hambaka kama zilivyo na kuzigeuza zile za katikati na za shingoni, zote mbili. Hizo zina vifuniko vya plastiki, hazina wavu, hakuna chuma kitakachogeuka kuwa waya wa moto. Kwa kuwa zimegeuzwa pamoja, zinabaki zikielewana zenyewe kwa zenyewe na nafasi ya nne bado inafuta mvumo kama zamani. Nyaya nne, dakika kumi. Nafasi ya pili ikarudi na tumbo lake.

Lakini alipopiga akasema, "Imerudi, fundi, ila si kama nilivyotarajia. Hambaka inamezwa." Na alikuwa amesikia vizuri.

Pikapu mbili huunganishwa kwa njia mbili, sambamba au mfululizo. Karibu swichi zote za magitaa huziunganisha sambamba: nyaya za moto pamoja, nyaya za ardhi pamoja. Katika mfululizo, umeme unatoka kwenye pikapu ya kwanza na kuingia ya pili ndipo utoke nje. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye mchoro, kwa sababu katika sambamba kila pikapu ni mzigo kwa mwenzake.

Nitoe hesabu ndogo. Chukua hambaka ya henri 4.5 (henri hupima jinsi koili inavyozuia umeme unaobadilikabadilika) na koili moja ya henri 2.4, na tuseme hambaka inatoa volti mara mbili ya koili moja. Zikiwa sambamba, katika sauti za kati na za juu, kiasi ambacho kila moja inapitisha kinategemea henri za mwenzake: hambaka inapitisha karibu asilimia 35 ya volti zake, na koili moja asilimia 65 ya zake. Mara mbili ya 35 ni 70. Basi ni 70 kwa 65, wanakaribia kutoshana nguvu, na ile hambaka iliyokuwa simba peke yake imekuwa sawa na jirani yake mdogo. Zingekuwa katika mfululizo, zingejumlishwa moja kwa moja, 2 kwa 1, na hambaka ingeendelea kutawala. Kwa hiyo anayenunua pikapu kali zaidi ili asikike kwenye nafasi ya mchanganyiko anaweza kupata kinyume chake, maana ukali mwingi huja na waya mwingi, na waya mwingi hupitisha kidogo zaidi ikiwa sambamba na koili ndogo. Namba ya kilo-omu unayoonyeshwa dukani haikuambii hayo. Inakuambia upinzani wa waya tu, na waya mwembamba zaidi hupandisha namba bila kuongeza sauti.

Njia uliyochagua hubadilisha pia ukali. Koili ikikutana na kebo huwa na kilele chake, mahali ambapo sauti inanyanyuka kabla ya kuporomoka. Kebo ya mita 5 ina takriban pikofaradi 500 (kipimo cha chaji ya umeme inayoshikwa na kebo), ongeza 100 za pikapu na nyaya za ndani. Kwa kiasi hicho, koili moja ya henri 2.4 ina kilele karibu hezi 4,200. Mbili kama hizo sambamba, kilele kinapanda kufikia 5,900 hivi, na sauti inameta. Mbili hizo hizo katika mfululizo kinashuka hadi karibu 3,000, ambapo ndipo hasa kilipo cha hambaka ya henri 4.5. Ndiyo sababu koili mbili katika mfululizo hunenepa na kupaza sauti hata mtu akadhani umebadilisha gitaa. Na ndiyo sababu kebo ya mita 10 huifisha sauti uliyoisifu nyumbani ukitumia kebo fupi. Kabla ya kulaumu pikapu, jaribu kebo nyingine.

Kwa anayepiga benga, hesabu hiyo ina uzito. Benga ilipokua miongoni mwa Waluo, vidole vya wapiga gitaa vilikuwa vinaitafuta nyatiti, chombo chenye nyuzi nane na mlio mkavu, wa haraka, unaokatika. Solo ya benga inataka kila noti ianze waziwazi, kwa sababu noti ni nyingi na zimepakana. Sambamba inamfaa: kilele cha juu, besi iliyopungua, mashimo yanayoliacha gitaa la pili lipite. Mpiga ridhimu wa rumba ya Nairobi, ile ya mtindo wa Simba Wanyika na Les Wanyika ambamo magitaa yanasukana kama ukili, naye anafaidika na nafasi ya nne, ili asikae juu ya solo. Mfululizo ningemwekea anayepiga peke yake na besi na ngoma, bendi ya watu watatu, ambako gitaa moja linabeba kazi ya mawili. Kanisani ningeuweka kama akiba, kwenye kitufe cha kuvuta, wa kutumika wimbo ukipanda mwishoni.

Kwa kijana sikuweka mfululizo. Nilianza na kitu kisichogharimu hata shilingi: urefu wa pikapu. Skrubu mbili za pembeni huisogeza pikapu kwenye nyuzi au kuishusha, na milimita moja hubadilisha uwiano kuliko watu wanavyoamini. Hambaka yake ilikuwa imekazwa juu, koili za katikati na shingoni zimenyanyuliwa hadi karibu ziguse nyuzi. Wengi hufanya hivyo wakitaka sauti kubwa. Sumaku za koili moja zikikaribia mno, huuvuta uzi, na noti nene zikipigwa juu ya freti ya 12 zinatoa sauti mbili zinazogombana, kama gitaa halijatuniwa. Nilibonyeza uzi mwembamba kwenye freti ya mwisho, nikapima toka chini ya uzi hadi juu ya sumaku: haikufika milimita 1. Nikashusha mpaka milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 2.5 hivi upande wa uzi mnene. Hambaka nikaiacha karibu 1.6. Alipopiga tena nafasi ya pili, hambaka ikasikika ndani yake, bila kubadilisha kipande hata kimoja.

Ikabaki poti, kile kipinga umeme unachokizungusha kuongeza au kupunguza sauti. Gitaa lile lilikuja na poti za kilo-omu 250, zinazopoza ukali wa koili moja. Kwa hambaka, ambayo kilele chake kiko chini tayari, poti hizo huizima. Hiyo hupewa 500. Ukiwa na zote mbili kwenye gitaa moja, huwezi kuzipa poti mbili tofauti kwenye voliumu moja. Nilifunga poti ya voliumu ya 500, kisha kwenye kila koili moja nikalehemu rezista ya kilo-omu 470 toka waya wa moto hadi ardhini, kwenye swichi yenyewe. Hambaka ikiwa peke yake, rezista haziko kwenye mzunguko, inaona 500. Koili moja ikiwashwa, 500 sambamba na 470 ni kilo-omu 242, karibu sawa na poti yake ya zamani. Nafasi ya nne inazibeba rezista zote mbili na kushuka hadi 160 hivi, kwa hiyo inapoa kidogo. Nilimweleza kabla sijafunga, akaisikiliza, akasema kwa ridhimu imekaa pazuri zaidi. Asingeridhika, ningeondoa moja.

Kuna swali moja aliloniuliza akiwa mlangoni ambalo nalisikia mara kwa mara: mbona nafasi ya pili bado ina mvumo ilhali hambaka iko humo? Kwa sababu hambaka inafuta mvumo wake yenyewe, koili kwa koili, na haibaki na kinyume cha kumfutia jirani. Koili ya katikati inabaki na mvumo wake wote, ukiwa umepunguzwa tu kwa kuwa sambamba. Tiba ni kuigawanya hambaka kwenye nafasi ya pili, ifanye kazi koili moja tu, ile ambayo sumaku yake ni kinyume cha ile ya katikati. Dira itakuonyesha ni ipi. Ila hilo linataka hambaka yenye nyaya nne za ndani, kila koili na ncha zake mbili. Yake ina waya mmoja na wavu. Nilimshauri atunze pesa kwanza apige nayo miezi kadhaa, kwa sababu ukigawanya hambaka unapoteza ule unene uliomfanya ainunue, na huenda akaja kuupenda mvumo mdogo kuliko sauti nyembamba.

Kabla ya kurudisha plastiki ya mbele, niliandika kwa ndani, kwa kalamu ya wino usiofutika, kwamba nyaya za katikati na shingoni zimegeuzwa, hambaka haikuguswa, rezista mbili za 470 kwenye swichi, na tarehe. Atakayelifungua gitaa lile baadaye, awe mimi au fundi mwingine wa River Road, ataukuta waya mweusi pale anapotarajia mweupe, na angeweza "kurekebisha" kosa ambalo si kosa, akalirudisha lilipokuwa Jumatatu ile.